Sababu Nyingine

Mashine ya presha ya Mwakirunge ina kiraka.
Mpira wake ulipasuka mwezi wa Ramadhani,
nesi Zawena akauziba kwa gundi ya fundi baiskeli,
na tangu siku hiyo inapumua kama mtu aliyepanda kilima,
lakini haisemi uongo.

Mimi ni mkusanya takwimu. Nina tisheti yenye nembo,
kalamu mbili, na fomu ya kurasa kumi na moja
ambayo mama Mbeyu aliisikiliza yote
akisuka makuti, bila kuinua macho,
hadi nilipofika penye neno *ridhaa*.
Hilo ndilo nini?
Ni kukubali bila kushurutishwa, mama.
Akacheka. Mwanangu, mtu kama mimi
tangu lini akaulizwa?
Akachovya kidole katika wino,
akakiweka juu ya mstari polepole,
kama anayepima joto la uji wa mtoto.

Na damu yangu mtairudisha lini?
Ni vichupa viwili tu, nikasema, si nyingi.
Sikuuliza wingi. Nimeuliza siku.

Hapo ndipo alipoanza kuwa 047.

Damu ya 047 hupakiwa kwenye pikipiki ya Mwachiro,
ndani ya boksi la barafu, na kabla ya saa sita iko kisiwani.
Mwaka huu imevuka daraja la Nyali mara nne.
Mwenyewe alivuka mara ya mwisho
kwenda kuchukua maiti ya kaka yake.

Mwezi wa tatu presha haikushuka.
Daktari wa mradi akapiga simu: anameza kweli?
Nikamwaga vidonge kiganjani, nikahesabu.
Vilipungua sawasawa, kimoja kwa siku,
hesabu safi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Mwezi wa nne hakuja.

Nikaifuata njia ya jaa, katika moshi wake,
korongo wakinitazama kama wakaguzi,
nikawakuta wawili kwenye mkeka:
Mbeyu, na Kache jirani yake.
Kifuniko cha sufuria kimegeuzwa,
wembe mpya, kidonge kimoja,
nusu huku, nusu kule.

Kache namjua. Alikuja siku ile ile ya kwanza.
Presha yake ilimshinda Mbeyu kwa mbali,
ila utafiti unaanzia miaka arobaini
na kitambulisho kilisema thelathini na minane,
mwaka aliozushiwa na karani aliyechoka kuuliza.
Ni mimi niliyemwambia: samahani, mama, hujafika.
Alikuwa amefika.
Alikuwa ametembea saa mbili.

Na pale hospitalini, kwenye dirisha la dawa,
kuna karatasi iliyoandikwa HAKUNA.
Imekaa sana mpaka wino umegeuka kahawia.

Mama Mbeyu, nikasema, fomu ile...
Akanikata kauli, wembe ungali mkononi.
Wewe mwenyewe ulinisomea, ukurasa wa sita,
kwamba naweza kujitoa wakati wowote
wala sitaulizwa.
Basi nimejitoa.
Nusu.

*Sababu ya kutofika. Weka alama moja.*
*Amehama. Amekataa. Amefariki.*
*Nyingine (eleza).*

Nikieleza, amekiuka itifaki, jina litafutwa,
na nusu mbili zitakuwa sifuri mbili.
Nikinyamaza, siku moja jedwali litasimama
mbele ya watu waliovaa tai
na kusema dawa hii haiwafai wanawake wa huku.
Pande zote mbili kuna uongo, na kalamu ni yangu.

Kache akanisogezea kigoda.
Alikuwa ameshameza nusu yake, bila maji.

Nikatia alama kwenye *Nyingine*.
Nikaanza: *Mshiriki ana jirani*
na mstari ukaisha.
Nikaigeuza karatasi.
Nyuma hapakuwa na visanduku.